Aristotle, Mpemba na friza yangu

Jamani, juzi mteja mmoja wa hapa Riruta alinipigia simu: programu niliyomwandikia inakosea hesabu kila akirudishiwa bidhaa. Nikamjibu, "Haiwezekani, mama." Siku tatu baadaye nikaliona kosa, na ni langu. Tangu hapo namwaza Erasto Mpemba.

Turudi nyuma kwanza. Karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kwamba maji yaliyokwisha kupashwa moto huwahi kupoa. Ushahidi wake ni wavuvi wa Ponto, kando ya Bahari Nyeusi: wakipiga kambi juu ya barafu, waliyamwagia matete yao maji moto ili yagande upesi na kushika kama risasi. Sababu aliyotoa, eti joto na baridi vikizingirana hutiana nguvu, leo haina mashiko. Lakini neno la Aristotle lilikuwa neno la Aristotle! Francis Bacon aligusia jambo hilo mwaka 1620, Descartes naye 1637. Baadaye elimu ya joto ikapata kanuni zake, habari hii ikawekwa kando.

Mwaka 1963, Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe. Nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha, akayaingiza yakiwa moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Siku moja Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alitembelea shule. Mpemba akauliza tena, darasa likacheka. Osborne naye hakuamini, ila alikwenda kupima. Fundi wake wa maabara alileta jibu: ya moto yameganda kwanza, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! (Nacheka, halafu nakumbuka simu ile.) Mwaka 1969 Osborne na Mpemba wakachapisha makala pamoja.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya, wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kukudanganya.

Jana usiku nimeweka vikombe viwili kwenye friza, kimoja cha moto. Stima ikapotea kabla ya saa moja kupita. Narudia Jumamosi.