Kuchungulia si kuchunguza

Jirani yangu hapa Kayole, ndiyo kwanza ameanza chuo kikuu, aliniambia: "Nimechunguza suala la maji." Kumbe kasoma kurasa mbili kwenye simu. Huko ni kuchungulia: jicho kwenye ufa, kisha umeenda zako. Maneno haya ni ndugu wa shina moja, ila kuchunguza kuna jasho. Mchunguzi huanza na swali dogo: mbona mtungi wa lita 20 uwe na bei moja Masimba na nyingine Soweto, hapa hapa Kayole? Huuliza wauzaji, hulinganisha siku, huandika kila jambo alikolipata, hata lile linalompinga. Juzi nilimwona jirani tena kwenye foleni ya maji. Safari hii alishika daftari.