Mheshimiwa Kutoka New Salem

Nilidhani Abraham Lincoln alizaliwa rais. Kumbe alianzia mashinani: 1834, akiwa na miaka 25, alitoka kijiji cha New Salem kwenda Bunge la jimbo la Illinois, suti yenyewe ya mkopo.

Januari 1837, wabunge 77 walipitisha azimio la kulaani vyama vya kupinga utumwa. Sita tu walikataa, yeye akiwemo. Lakini alisubiri kwanza kura ya kuhamishia makao makuu Springfield, mji wa kaunti yake. Ilipopita, ndipo Machi 3 yeye na Dan Stone wakaandika kwamba utumwa ni dhuluma.

Ujasiri au hesabu za siasa? Naona vyote viwili. Ila aliyefungwa minyororo hakuwa na wiki sita za kusubiri.