Baeron, kijiji cha wafinyanzi

Katika milima ya Korea ya Kusini, upande wa Jecheon, kuna kijiji kidogo jina lake Baeron. Bonde lake lina umbo la mashua, na jina latoka humo. Hapo kale Wakristu walikimbilia huko sababu ya mateso, wakaishi kwa kufinyanga nyungu.

Mwaka wa 1801 Alexander Hwang Sa-yeong, kijana mwenye elimu kubwa, alijificha pale ndani ya pango. Humo alimwandikia Askofu wa Beijing barua juu ya kitambaa cha hariri: herufi zaidi ya 13,000 katika kitambaa chenye urefu wa sentimetre 62 tu! Alieleza namna wamartiri walivyokufa. Lakini aliomba pia merikebu na askari wa Ulaya, ili serikali ya mufalme ilazimishwe kuwaacha Wakristu. Barua ilikamatwa, naye akauawa mwaka ule ule. Kwa wakubwa wa inchi barua hiyo ilikuwa ushuhuda kwamba Mukristu ni mwenye kuuza inchi yake. Sisi tunamuhurumia Alexander, kwa maana ndugu zake walikuwa wanachinjwa. Hata hivyo hatuwezi kusifu ombi lake. Babu zetu hapa Kongo waliona musalaba na bunduki vikifika kwa njia moja, na mpaka leo tunaulizwa juu ya neno hilo.

Mwaka wa 1855 seminari ya Mutakatifu Yosefu ilifunguliwa katika kijiji hicho, ndani ya nyumba ya katekista Yosefu Jang Ju-gi. Vijana wachache walijifunza Kilatini katika inchi ambamo kumupokea padri kuliweza kuleta kifo. Walimu wao, wapadri Wafaransa Pourthié na Petitnicolas, walikatwa vichwa mwezi wa tatu wa 1866. Katekista aliwafuata mwezi ule ule, na seminari ikafa. Mwaka wa 1984 Yosefu Jang alitangazwa mutakatifu pamoja na wamartiri wengine wa Korea, wote 103. Wakatekista wetu wasikie vizuri: walimu wale wawili hawamo katika hesabu hiyo.

Mulimani kuna kaburi la Thomas Choe Yang-eop, padri wa pili wa Korea, aliyepewa upadri Shanghai mwaka wa 1849. Baba yake alikufa gerezani, mama yake alikatwa kichwa. Karibu miaka 12 alizunguka kwa miguu akitafuta Wakristu waliojificha milimani. Alikufa safarini mwaka wa 1861, mwenye miaka 40, akazikwa Baeron.