Mahuluti

Kambare wavuliwao katika Mkondoa pale Kilosa, na wale wajifichao matopeni katika madimbwi ya uwanda wa Mkata upande wa Mikumi, ni wa nasaba moja, Clarias gariepinus. Lakini huko Thailand dume la nasaba hiyo hupandishwa kwa jike la kienyeji, Clarias macrocephalus, ili apatikane samaki mwepesi wa kukua na mwenye nyama laini. Jike hudungwa homoni, kisha mayai hukamuliwa; dume, kwa kuwa hakamuliki, hana budi kuchinjwa ili manii yake yatolewe.

Kizazi hicho wengi hukiita chotara. Mimi nakhitari mahuluti, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kilichochanganywa, kwa sababu chotara limekwisha kutumiwa mno kuwadhalilisha wanadamu, na dharau hiyo haistahili kuendelezwa.

Wala kupandisha samaki wa nasaba mbalimbali si jambo geni kwetu. Perege wa Wami, mto uupokeao Mkondoa, ana jamaa zake Unguja. Na madume ya huko ndiyo aliyoyatumia mtaalamu wa samaki Hickling kule Malacca, Malaya, akatangaza mwaka 1960 kwamba, yakipandishwa kwa majike ya perege wa Msumbiji, watoto wote huwa madume. Leo sato aliyeletwa kufugwa amekwisha kuingia katika mito yetu ya mashariki, akizaliana na perege wenyeji pasipo mtu kukusudia. Na asili ya perege hao, ikishapotea, hairudishwi kwa sindano.