Shamble: neno lililotoka kwenye kigoda hadi miguuni

Msikilizaji anayeishi Uingereza au Marekani huenda amewahi kulisikia neno shamble, na sikio lake likamkumbusha shamba. Hakuna udugu wowote baina ya maneno hayo mawili.

Shamble ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kwenda kwa kukokota miguu, bila kuinyanyua sawasawa, huku mwili ukiyumba. Si kuchechemea, kwani anayechechemea huegemea mguu mmoja kwa maumivu au kilema. Wala si kupepesuka kama mlevi. Mtu wa mwendo huu hufika aendako, lakini viungo vyake huonekana kama havikukazwa.

Hata hivyo, historia ya neno hili haikuanzia miguuni.

Kigoda na meza ya nyama

Warumi waliliita benchi scamnum, na benchi dogo scamellum. Neno hilo likaingia katika lugha za kaskazini mwa Ulaya. Wajerumani hadi leo hukiita kigoda Schemel. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lilikuwa na maana ya kigoda au kibao cha kuwekea miguu.

Baadaye likawa jina la meza ya kupangia bidhaa, na kufikia karne ya 14 likahusishwa zaidi na meza ya muuza nyama. Meza hizo zilipokusanyika mahali pamoja, soko zima likaitwa shambles.

Ushahidi upo katika mji wa York, kaskazini mwa England. Mtaa mmoja mwembamba, ambao ghorofa za juu za nyumba zake zinakaribia kugusana, ungali unaitwa The Shambles. Mwaka 1872 ulikuwa na mabucha 25. Leo wapitao humo ni watalii, lakini kulabu za kutundikia nyama na vibao vipana chini ya madirisha bado vinaonekana.

Kutoka damu hadi vurugu

Katika karne ya 16 maana ilisogea tena. Shambles ikawa machinjio, kisha mahali popote palipomwagika damu ya watu wengi.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia neno hilo kwa maana ya soko la nyama, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10. Biblia ya Kiswahili imeandika soko, na msomaji wake hapati taabu. Lakini anayesoma Kiingereza hicho kwa maana ya leo atadhani habari ni ya fujo.

Maana ya fujo ilikuja katika karne ya 20. Damu ikasahauliwa, ikabaki hali ya mambo kuwa shaghalabaghala. Mwaka 2009, kipindi cha televisheni cha Uingereza kiitwacho The Thick of It kilizua neno omnishambles, yaani vurugu ya kila upande. Mwaka 2012 kamusi za Oxford zikalichagua kuwa neno la mwaka nchini humo.

Miguu ya meza, miguu ya mtu

Na mwendo je? Katika karne ya 17 Waingereza walianza kuisema miguu iliyopanuka na kukaa upande kuwa ni miguu ya shamble. Wataalamu wengi wa asili za maneno wanaona kwamba mfano ulikuwa miguu ya ile meza ya sokoni, iliyotanuliwa kubeba ubao mzito. Kutoka hapo kikazaliwa kitenzi.

Basi neno hili limebeba dharau tangu mwanzo, kwani linamfananisha binadamu na meza mbovu. Wengi miongoni mwa wasikilizaji wetu ughaibuni hufanya kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa, na huandika taarifa kwa Kiingereza kila siku. Kuandika kwamba mzee anakokota miguu ni kueleza hali yake, na huenda kukamsaidia daktari. Kumwandikia shamble ni kumcheka.

Kamusi inaweza kuyapanga maneno hayo mawili mstari mmoja. Aliyezaliwa ndani ya lugha husikia tofauti yake papo hapo, na mzee anayesemwa huisikia pia.