Seva Iliyoelemewa na Dhamana ya Kumbukumbu za Biashara

Aghalabu mwenye biashara hutambua kuwa seva ya ofisi yake imezidiwa siku ile karani anapofungua daftari la hesabu, naye akapata wasaa wa kunywa kahawa yake yote kabla daftari halijafunguka. Na jawabu limjialo upesi ni kununua mashine kubwa zaidi, kuiweka pale pale ilipokuwa ile kongwe, na kumwamuru fundi ahamishe kila kitu kama kilivyo. Makusudi ya makala haya ni kulipinga jawabu hilo. Nadai kwamba seva ya biashara ndogo haizidiwi kwa uzito wa kazi peke yake, bali kwa wingi wa majukumu yasiyopasa kukaa pamoja, na kwamba mwenye kuihamisha jumla jumla humhamisha mgonjwa pamoja na maradhi yake.

Asili ya mrundiko huo yajulikana. Kwa miaka mingi kampuni ya Microsoft iliuza mfumo uitwao Small Business Server, ambao ndani ya mashine moja ulichukua usimamizi wa majina na nywila, ghala la mafaili, uchapaji, na barua pepe, ukawekewa, katika matoleo yake ya baadaye, ukomo wa watumiaji 75. Ilikuwa tadbiri njema kwa zama zake, hasa kwetu, ambako kabla waya wa SEACOM haujafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 intaneti ilipitia satelaiti kwa gharama kubwa na mwendo wa taabu, hata ikawa hapana budi kila kitu kiwe ndani ya kuta za ofisi. Walakini jukumu moja likikwama, mengine yote hutaabika nalo. Katika toleo la 2003 ghala la barua lilipofika gigabaiti 16 lilijifunga lenyewe, na haukupatikana wasaa hadi maboresho ya mwaka 2005 yalipouinua ukomo huo kufikia gigabaiti 75. Toleo la mwisho, la 2011, lilikatiwa msaada tarehe 14 Januari 2020. Nazo zingali zipo ofisi zinazolitumia, na wenyewe hujisifu kwamba halijawahi kuharibika.

Tutwae mfano wa wakala wa forodha pale Mombasa, aliyeanza na makarani watano na sasa anao 40. Kila shehena ina ankara yake, hati ya meli, risiti za bandari, na barua zisizokwisha, na zote hupigwa picha zikawekwa katika seva. Mtu huyu akiulizwa anahitaji mashine ya ukubwa gani, hana jibu, wala hastahili kulaumiwa, kwa maana swali lenyewe limetangulizwa mahali pasipo pake. Sharti aulizwe kwanza ni kazi ipi ikisimama kwa siku moja itamtia hasarani, na ni ipi inayoweza kungoja. Barua pepe, kwa rai yangu, iondoke ofisini kabisa, ikabidhiwe wenye kuifanya kazi hiyo usiku na mchana, kwa kuwa barua haina maana bila intaneti, mahali popote ilipo. Mafaili na programu ya hesabu ni shauri jingine. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ililegea Kenya na Tanzania nzima, na aliyekuwa ameweka daftari lake lote ng'ambo alilitazama kwa mbali asiweze kulifikia, ilhali jirani yake mwenye seva ndogo chini ya ngazi aliendelea kuandika ankara. Kwa hiyo siafikiani na wale wanaonadi kwamba kila kitu kiende katika wingu.

Lililo zito zaidi ni nakala za akiba. Wengi hudhani kuwa diski tatu zilizofungamanishwa kwa utaratibu wa RAID 5 ni hifadhi tosha, maadamu moja ikifa mbili zilizobaki huendeleza kazi. Ni kweli, lakini diski hizo kwa kawaida zilinunuliwa siku moja, zikazunguka saa zile zile katika joto lile lile na chumvi ile ile ya upepo wa pwani. Na siku moja inapokufa, kuijenga upya huzilazimu zile mbili zisomwe mwanzo hadi mwisho, nayo ndiyo kazi nzito kuliko zote zilizopata kubebeshwa. Tena, karani akifuta faili kwa bahati mbaya, RAID hulifuta kwa uaminifu kamili. Nakala ya akiba ni ile iliyo kando, na moja yake iwe nje ya jengo. Wala haina ithibati mpaka faili la mwaka jana limerejeshwa katika kompyuta nyingine na mhasibu akalifungua kwa macho yake.

Ukongwe nao una hatari yake. Kirusi cha WannaCry, kilichoenea Mei 2017, kilipita katika njia ile ile ambayo kompyuta za Windows hushirikiana mafaili, na dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi kwa mifumo iliyokuwa bado ikihudumiwa. Windows Server 2003, iliyokwisha kuachwa Julai 2015, ilipata ya kwake baada ya watu kudhurika. Kuhama ni fursa pia ya kusahihisha ruhusa, kwani si nadra kukuta kabrasha la mishahara limefunguliwa kwa ofisi nzima kwa sababu fundi, miaka iliyopita, aliposhindwa kuifanya printa ifanye kazi, aliondoa vizuizi vyote. Maadamu Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, uzembe huo si aibu ya ndani tu.

Ile seva kongwe isitupwe upesi. Sheria ya kodi ya Kenya yataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5, na madaftari ya zamani mara nyingi hufunguka kwa toleo la zamani la programu pekee. Basi ibaki imezimwa, imetengwa na mtandao, na aandikwe mtu mmoja mwenye dhamana nayo, hadi muda huo upite na diski zake zitobolewe mbele ya mashahidi.