Ruzuku ya kusaidia vijana walio katika mazingira hatarishi: kikundi kianzie wapi?

Kila tunapofungua simu kwenye kipindi, swali hili halikosi: "Mtangazaji, sisi tuna kikundi, tunataka kusaidia vijana wa hapa kijijini. Hela tunazipata wapi?" Swali ni zuri, ila anayetoa ruzuku naye ana maswali yake manne: ni vijana gani, wako wangapi, mtawafanyia nini, na ninyi ni akina nani? Kikundi chenye majibu hayo hakipati shida tangazo la ruzuku likitoka. Kisicho nayo hukimbizana na stempu mpaka siku ya mwisho inapita.

Makala hii inaeleza namna ya kujiandaa kwa hapa Tanzania. Isome na wenzako kwenye kikao.

Ruzuku si mkopo

Wengi huchanganya mambo haya mawili. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mkopo. Hauna riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana, lakini unarudishwa. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejea mwaka 2024. Mkopo huo unamfaa kijana mwenye miaka 18 au zaidi ambaye ana biashara ya kufanya na wenzake.

Ruzuku hairudishwi, ila hutolewa kwa kazi mliyoiandika na mtadaiwa risiti. Mkinunua kitu kingine tofauti na mlichoomba, mnaweza kutakiwa kurejesha fedha hizo. Kwa binti wa miaka 16 aliyeacha shule, ambaye hawezi kukopa, ruzuku ndiyo njia inayofaa.

Anzeni kwa kuhesabu

"Mazingira hatarishi" ni maneno mapana. Yumo binti aliyekatisha masomo kwa ujauzito, kijana anayelea wadogo zake baada ya wazazi kufariki, mtoto anayefanya kazi machimboni, na aliyezama kwenye dawa za kulevya. Msiwachukue wote kwa mara moja. Chagueni kundi moja mnalolifahamu vizuri.

Kisha pitieni kwa wenyeviti wa vitongoji, mwalimu mkuu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na kamati ya MTAKUWWA ya kijiji au kata. Sentensi kama "vijana wengi wa kijiji chetu wana maisha magumu" haimsaidii msomaji wa ombi. Linganisha na hii ya mfano: "Katika vitongoji vyetu vinne tumewakuta wasichana 17 wa miaka 15 hadi 19 walioacha shule. Kati yao 11 wana watoto, na 9 wanataka kurudi masomoni." Hapo msomaji anaona kazi ilipo.

Jambo la pili, waulizeni vijana wenyewe wanataka nini. Niliwahi kutembelea kikundi kilichopata fedha kikanunua vyerehani sita. Nilikuta vitatu vimefunikwa kanga, havina mtu. Wasichana waliokusudiwa walitaka kurudi shule, na hakuna aliyekuwa amewauliza. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, kurejea. Pengine kilichohitajika pale kilikuwa nauli, sare na mtu wa kubaki na mtoto.

Karatasi za kuwa nazo mapema

- Cheti cha usajili. Mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au halmashauri. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na mnaweza kusajiliwa ngazi ya wilaya, si lazima taifa.
- Katiba ya kikundi na orodha ya viongozi.
- Mihtasari ya vikao yenye saini za waliohudhuria.
- Akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Fedha zisipite kwenye simu ya mwenyekiti.
- Daftari la mapato na matumizi, hata kama michango yenu ni shilingi 1,000 kwa wiki. Daftari safi la fedha kidogo huonyesha kwamba mnaweza kutunza nyingi.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au kata.

Kama usajili wenu hautoshi, ombeni kwa kushirikiana na shirika lililosajiliwa. Andikeni makubaliano: nani anashika fedha, nani anafanya kazi gani.

Mahali pa kuuliza

Foundation for Civil Society hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia Bara na Zanzibar. Mfuko wa Wanawake Tanzania husaidia vikundi vya wanawake na wasichana. Ubalozi wa Japani una ruzuku za miradi midogo ya kijamii, ambazo zaidi huenda kwenye majengo na vifaa, si mishahara. Kila mfuko una masharti na msimu wake, kwa hiyo someni tangazo lote kabla ya kuandika. Kama tangazo linasema ni la elimu, msipeleke mradi wa kuku.

Ombi lenyewe

Si lazima liwe refu. Elezeni tatizo kwa namba, vijana mtakaowafikia, kazi mtakazofanya mwezi kwa mwezi, nani atazisimamia, na mtajuaje kwamba mmefanikiwa. "Wasichana 9 kuandikishwa, na 7 wawe bado wanasoma baada ya mwaka" ni lengo linaloweza kupimwa.

Bajeti iende na kazi. Tuseme sare jozi mbili kwa kila mmoja wa wasichana 9, kila jozi shilingi 30,000: 2 x 9 x 30,000 = 540,000. Chukueni bei za duka mnalonunua kweli. Onyesheni pia mchango wenu: chumba cha kukutania, nguvu kazi, mama wawili wa kulea watoto kwa zamu.

Walindeni vijana

Msiandike majina ya wasichana wala kuweka picha za nyuso zao kwenye ombi ili kumsikitisha mfadhili. Namba zinatosha. Binti anayetaka kurudi shule hahitaji habari zake kuzungushwa kwenye kundi la WhatsApp. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na mkikuta mtoto anayefanyiwa ukatili, msisubiri ruzuku: mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii au pigeni 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure.

Matapeli wapo

Mtu akisema "tumeni laki mbili ya kufungulia faili", huyo ni tapeli. Mfadhili wa kweli hadai fedha ili akupe fedha, na hahitaji namba yako ya siri. Kabla ya kutuma nyaraka, pelekeni tangazo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii alikague.

Mkikataliwa

Maombi huwa mengi kuliko fedha, na kunyimwa mara ya kwanza ni kawaida. Ulizeni kwa adabu sababu ni nini, rekebisheni, mwombe tena. Wakati huo endeleeni na kinachowezekana. Wasichana watatu kati ya tisa wanaweza kurudi shuleni kwa michango ya kijiji, na ombi lenu la pili litakuwa na kitu cha kuonyesha.

Wiki hii fanyeni jambo moja tu: kaeni kikao, gaweni vitongoji, mkahesabu. Mkileta namba hizo kwenye kipindi, tutawaalika na Afisa Maendeleo ya Jamii mzungumze naye hewani.